Nimewasifu Mama Wakwe kwa Kiingereza, Sasa Hawasemeshani

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, maana kila niliyemsimulia jambo hili amecheka kwanza, hata kinyozi wangu ilibidi azime mashine na kuegemea ukuta, halafu wakishamaliza kucheka wananiambia pole, na mimi nabaki na shida yangu vilevile, na harusi inakaribia.

Kazi yangu ni kuandika kwenye keki. Sioki, anayeoka ni mama mmoja mtu mzima ambaye anashika sinia la moto kama unavyoshika wewe gazeti. Mimi naletewa keki ikishapoa na kupakwa krimu, nachukua mfuko wangu wenye mdomo mwembamba, nabana pumzi, naandika. Duka letu lina kaunta ya vioo mbele, oveni mbili nyuma, na mlango wa uani ambapo dereva wa pikipiki anasimama akipiga honi kana kwamba keki zitatoka zenyewe. Na wateja wetu karibu wote wanataka maandishi ya Kiingereza, ukimuuliza mtu kwa nini, anakwambia keki ya Kiswahili inaonekana kama tangazo la kikao. Sibishani na mteja, naandika anachotaka.

Sasa ili unielewe inabidi nikueleze utaratibu wetu wa kazi, maana huo ndio ulioniponza. Zamani tulikuwa tunaandika jina la mteja juu ya boksi, lakini boksi likitoka kwenye friji linalowa, wino unachuruzika, na siku moja keki ya mzee mmoja anayestaafu ikapelekwa kwa mtoto anayetimiza mwaka, na ile ya mtoto, yenye dubu wa rangi ya waridi aliyelala chali, ikafunuliwa mbele ya mkurugenzi na wafanyakazi wote wamesimama wima. Bosi wetu akarudi akiwa ameiva kwa hasira, akatoa amri, kuanzia leo keki zote zinazotoka siku moja, kila moja iwe na neno lake la sifa la Kiingereza na neno lisirudiwe, ili dereva akifungua boksi asome neno ajue anakwenda wapi. Kwa hiyo kama kuna mama wanne wanaotimiza miaka siku moja, wa kwanza anakuwa “lovely”, wa pili “beautiful”, wa tatu “wonderful”, wa nne “amazing”, na dereva anaambiwa tu kwamba Wonderful anakwenda ghorofa ya tatu na Amazing anakwenda nyuma ya kituo cha mafuta. Na humo ndani ndivyo tunavyoongea mshauri, utamsikia mwokaji anauliza, “Gorgeous kashapoa?” na mimi namjibu Gorgeous yuko tayari, ila Elegant kavunjika bega, mpe krimu kidogo. Nimeifanya kazi hii mpaka nimefika mahali maneno hayo siyasikii tena kama sifa, nayasikia kama namba za vyumba.

Nina mchumba, yeye ni fundi wa miwani, mcheshi, na tunapendana bila matatizo. Mama yake mzazi ana pacha wake, na hao mapacha wamefanana mpaka baba mkwe mwenyewe anakiri kwamba siku moja alimfuata asiye wake kutoka sokoni mpaka nyumbani akiwa amembebea kikapu, na hakugundua mpaka alipoulizwa leo amekumbwa na nini. Aliyetangulia kuzaliwa ndiye tunayemwita mama mkubwa, alikuwa mkunga, sasa amestaafu. Aliyefuata ndiye mama mkwe wangu, ni fundi cherehani. Nyumba zao zimepakana, katikati pana ua wa michongoma, na kwenye ule ua wamekata pengo lao wenyewe, hawapiti, wanasimama tu hapo kila asubuhi kila mmoja na kikombe chake na kuongea mpaka chai inapoa. Mchumba wangu amelelewa pande zote mbili za hilo pengo, maana mama yake alikuwa anashona kiwandani zamu ya usiku, basi mtoto alikuwa analala kwa mama mkubwa na kuamkia kwa mama, hadi leo ana mswaki kila nyumba.

Mimi mama yangu alifariki sijajua hata kusoma, nikakulia kwa baba mdogo katika nyumba ya wanaume watupu, ambako ukisema unaumwa unaambiwa kalale. Siku nilipopelekwa kutambulishwa mama mkwe hakunipima kwa futi, alinitazama tu mabega wakati nakunywa chai, na wiki iliyofuata nikapewa shati, nikalivaa, likakaa mwilini, na lilikuwa shati la kwanza maishani mwangu ambalo sikulazimika kukunja mikono yake. Na mama mkubwa kila akinisalimia haniachii mkono, vidole vyake vinatambaa mpaka kwenye mshipa, anahesabu kimoyomoyo huku anauliza habari za kazi, halafu anasema leo hujala, na kweli nakuwa sijala. Nawapenda hawa mama, mshauri, sioni aibu kusema. Nimepata mama wawili kwa mpigo na sitaki kumpoteza hata mmoja.

Basi walikuwa wanatimiza miaka sitini, na mchumba wangu akaniagiza keki mbili, moja kwa kila mmoja, akanishika sikio akaniambia, “Zilingane. Hawa watu wanapimiana hata sukari ya kwenye chai.” Nikamwambia ondoa shaka. Nilichagua mabati mawili yaliyofanana, nikamsimamia mwokaji asiegemee upande, nikapaka krimu ya rangi moja kutoka bakuli moja, nikapanga maua ya krimu huku na huku sawa kwa sawa, nikaziweka hata kwenye mizani, ile nzito nikaipunguza kidogo pembeni nikapaziba, bosi akapita akaniuliza kama naoka keki au nachanganya dawa. Nilikuwa nimejaa furaha mshauri, mkono wangu ulikuwa mwepesi, nilikuwa naimba. Halafu nikachukua mfuko wa kuandikia, na mkono ukafanya ulichozoea, kwenye ya kwanza nikaandika Happy Birthday Our Lovely Mother, kwenye ya pili Happy Birthday Our Beautiful Mother, nikafunga maboksi, nikayapeleka mwenyewe kwa mikono yangu, na wala sikuona kitu.

Kilichotokea sebuleni kwa mama mkubwa nitakieleza kwa kifupi. Keki ziliwekwa mezani bega kwa bega, watu wakapiga makofi, jirani mmoja akayasoma maandishi kwa sauti, ya kwanza ikawa ya mama mkubwa, ya pili ya mama mkwe, na makofi yakapungua. Mama mkubwa akauliza, kwa upole kabisa, mbona yake imeandikwa tofauti. Hapo angenyamaza kila mtu tungekula keki tukaenda zetu, lakini tuna mjomba mmoja ambaye hawezi kuona swali likapita bila kulijibu, akasimama akaeleza kwamba “beautiful” ni uzuri wa sura, na “lovely” ni uzuri wa tabia, akakaa, akajimiminia soda.

Mama mkubwa akavua miwani, akasema, “Yaani mimi sura sina.”

Na mama mkwe, aliyekuwa ameshashika kisu, akakiweka chini, akasema, “Na mimi ndiyo tabia sina.”

Watu wakaangua kicheko, wao hawakucheka. Baba mkwe akajaribu kusema jamani sura si ni moja hiyohiyo, wakamgeukia wote wawili kwa pamoja wakamwambia anyamaze, na nadhani hilo ndilo jambo la mwisho walilolifanya kwa pamoja mpaka leo. Binamu mmoja akatoa simu akafungua kamusi ili atuokoe, kamusi ikasema huyu wa kwanza ni mtu anayependeza sana na huyu wa pili ni mtu anayependeza mno, basi sebule nzima ikaanza kubishana kati ya sana na mno ipi kubwa, na mimi nimesimama pale na kisahani mkononi.

Tangu siku hiyo pengo la kwenye ua halina mtu asubuhi. Mama mkwe alikuwa anashona magauni mawili ya harusi ya kitambaa kimoja, na siku zote anaposhona nguo ya pacha wake anajipima yeye mwenyewe, inatosha, lakini sasa amekata la kwake tu, na la mwenzake amelikunja akaliweka juu ya kabati, anasema mwenye mwili aje apimwe. Mama mkubwa naye anasema nguo anazo. Mchumba wangu ndiye anayebeba ujumbe, nenda kamwambie mama yako, rudi kamwambie mama yako mkubwa, mwanzoni alikuwa anacheka mpaka analia, juzi alikuja dukani akakaa kwenye gunia la unga na safari hii alikuwa analia kweli, akaniambia anatakiwa aingie ukumbini ameshikwa mkono na wote wawili na hajui kama watakubali hata kupanda gari moja. Akaniambia, “Umewagombanisha wewe, utawapatanisha wewe.”

Jumamosi ijayo kuna kikao cha harusi, na nimeletewa salamu kwamba neno la kwanza ni langu. Mama mkubwa amesema hanilazimishi kitu, anataka tu nieleze nilipokuwa naandika nilikuwa nafikiria nini, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza, amekubaliana naye. Hapo ndipo penye mwiba, mshauri. Ukweli ni kwamba nilikuwa sifikirii kitu. Nilikuwa nafikiria pikipiki. Nikisema “lovely” ni kubwa namuumiza mama mkwe, nikisema “beautiful” ni kubwa namuumiza mama mkubwa, nikisema yako sawa mjomba atasimama, na nikisema ukweli nimewaambia wote wawili kwamba siku yao ya kutimiza miaka sitini niliwaandika kama mizigo. Bosi ananishauri nimsingizie mwokaji. Dereva ananishauri niseme krimu iliteleza. Mwokaji, ambaye ndiye mwenye akili pale, alisema nioke upya niandike maneno yote mawili kwenye keki zote mbili, nikafurahi, nikashika mfuko, halafu nikaganda, maana lipi linatangulia?

Niambie mshauri, kati ya maneno haya lipi kubwa, na huo ukweli niuseme au niumeze?

Mimi mwandishi wa keki, niliyeponzwa na mkono wangu.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwandishi wa keki,

Marahaba. Uliniomba nisicheke mpaka mwisho nikashindwa pale Elegant alipovunjika bega. Nilicheka hadi msahihishaji wetu wa lugha, mtu ambaye hacheki hata mshahara ukiingia, akatoka mezani kwake kuja kuuliza kuna nini, nami nikafanya kosa la kumsomea. Yeye akasema “lovely” ina uzito zaidi. Mwandishi wa michezo akasema hapana, bao zuri huwa ni “beautiful”, hajawahi kusikia mtu akiliita bao “lovely”, na huyo mtu akitokea apelekwe kwake. Mpokea simu akataka kujua mbona yeye hajawahi kuitwa neno lolote kati ya hayo tangu aajiriwe. Ukurasa huu ukachelewa kwenda mtamboni kwa ajili yako, na mhariri amenituma nikupe salamu zake, ambazo sitaziandika.

Kwa hiyo nikujibu la kwanza haraka ili tulifunge. Kiingereza changu ni cha shuleni na cha kusoma magazeti ya watu, lakini nikiulizwa nitasema hivi: “beautiful” mtu anaweza kulisema akiwa bado yuko barabarani, kaona mlima, kaona gari, kaona binti wa watu, kalisema, kapita zake. “Lovely” mara nyingi hulisema akishakaribishwa ndani. Sasa usilichukue hilo ukakimbia nalo kwenye kikao, maana hao wenyewe wenye lugha yao huiita “lovely” chai, wakaliita “lovely” jua la asubuhi, wakamwita “lovely” na fundi bomba aliyewahi kufika. Mtu anayemsifu mama yake na fundi bomba kwa neno moja si wa kutupatanishia ndugu. Kamusi nayo iachwe ipumzike. Imeshaleta sana, imeleta mno, ikikaa tena mezani italeta kupita kiasi.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe kijana una mikono mizuri na kichwa kizuri, lakini siku ile viwili hivyo havikuwa pamoja. Ulipima bati. Ulipima krimu. Ulipunguza keki pembeni ukapaziba kwa mapenzi, na mimi niliposoma hapo nikasema hawa mama wamepata mkwe. Halafu ulipofika mahali pa kuwaambia hao mama ni nani kwako, pale ambapo mizani haisaidii, ukamwachia dereva wa pikipiki. Usinijie na habari za mazoea ya mkono. Mkono ni wako. Siku nyingine zote ita keki unavyotaka, lakini siku ya watu wako hiyo amri ya bosi ungeiweka kando, dereva hakuwepo hata, mabosi... samahani, maboksi uliyabeba mwenyewe. Unaona jinsi ulivyonikasirisha, nakosea hata kuandika.

Nimemaliza kukusema. Sasa nikufungue macho.

Unaniuliza neno, na neno unalo. Rudi usome barua yako. Ulipoandika habari za maneno ya Kiingereza uliyaandika yote, yamejaa ukurasa mzima kama njugu. Lakini ulipofika kwa mama zako mwenyewe, pale kwenye shati na pale kwenye mshipa wa mkono, hukuweka sifa hata moja. Hukusema huyu mzuri, hukusema huyu mwema. Ulinieleza tu wanavyokufanyia, na mimi ambaye sijawahi kuwaona niliwaona, nikajua yupi ni yupi, wakati baba mkwe wako mwenyewe anayelala nyumba moja na mmoja wao aliwahi kubeba kikapu kisicho chake. Hapo ndipo dawa ilipo, mwanangu. Wale mama wana sura moja, wamezaliwa siku moja, miaka sitini watu wanawachanganya na kuwaita kwa makosa. Unadhani kilichowaumiza ni Kiingereza? Walidhani hatimaye kaja mtu aliyewatazama mmoja mmoja akawaandika alivyowaona, kila mmoja akasoma cha mwenzake, akaona chake kimepunguka. Walikuwa wanauliza umeona nini kwao. Hilo ni swali zuri sana kuulizwa na mama mkwe, wenzako huulizwa umekuja na nini.

Basi ukweli utausema, wote, hakuna kuumeza. Bosi wako mheshimu kazini, lakini kumsingizia mwokaji ni aibu, na krimu haitelezi ikajiandika herufi zote hizo kwa mpangilio. Ila usiuseme kwenye kikao. Kikaoni yupo mjomba. Na usianze kwenda nyumba kwa nyumba, maana utakayeanza kwake litakuwa neno lingine kubwa, na utaniandikia tena.

Fanya hivi. Waalike dukani, wote wawili, kabla ya hiyo Jumamosi, siku yenye oda nyingi, waingie kwa mlango wa uani, uwape aproni na viti karibu na meza yako. Usimwonye mtu yeyote abadilishe lugha. Mwokaji aulize kama Gorgeous kapoa. Dereva apige honi yake aulize Wonderful anakwenda wapi leo. Waache wasikilize. Wewe usieleze chochote mpaka mmoja wao aanze kuuliza, na atauliza, na ukimaliza kumjibu nakuhakikishia mmoja atacheka, na hao ni mapacha, mwenzake hataweza kujizuia. Lakini kicheko kikija usijione umepona. Kicheko ndiyo nafasi yako ya kusema. Watazame, umtaje kila mmoja kwa alichokutendea, habari za shati uzimalize ndipo uende kwenye habari za mshipa, au uanze na mshipa, mimi sijali, kwa maana ukiwa unasema kitu cha kweli hakuna atakayekaa kuhesabu nani alitangulia. Waambie na lile la nyumba ya wanaume watupu. Usione haya kama sauti itakukatika. Na useme kwa Kiswahili, mwanangu. Huko kwenye Kiingereza ulikwenda kujificha, na wateja wako wengi nao huenda huko kwa sababu hiyohiyo, maana kumwambia mama “nakupenda” kwa lugha aliyokuimbia ukiwa mgongoni kunataka kifua.

Na mchumba wako mwondoe kwenye kazi ya utarishi leo hii. Mwambie akiagizwa tena aseme njia inajulikana, ni hatua chache, mwenye ujumbe aupeleke.

Kuhusu kuwafikisha dukani usijisumbue, nawaita mimi hapahapa, kwa sababu barua yenye mapacha, keki na mjomba haifichiki mtaani, na najua mpaka hapa wameshaisoma, kila mmoja kwake, kila mmoja akijifanya haimhusu.

Mama zangu, shikamooni. Ninyi ni wakubwa zangu, kwa hiyo nitasema kwa adabu, lakini nitasema. Mkwe wenu mmemuuliza alikuwa anafikiria nini, na amekiri mbele ya wasomaji wote wa gazeti kwamba alikuwa hafikirii kitu. Mnaweza kumnunia kwa hilo. Lakini tangu siku ile hajafikiria kitu kingine isipokuwa ninyi, kazi haimwendei, anaganda na krimu mkononi kwa kuogopa neno moja lisitangulie jingine likamuumiza mmoja wenu. Mimi kila wiki napokea barua za wakwe, na nyingi hazisomeki mbele za watu. Kijana anayelia kwamba ana mama wakwe wawili na hataki kupunguza hata mmoja, huyo sijawahi kumpata, na ninyi mmempata bila kutangaza. Akiwafungulia mlango wa uani wa duka lake, nendeni wote wawili mkamsikilize.

Na kuna yule binti. Mlimlea kwa zamu, usiku kwa huyu, asubuhi kwa yule, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa nani mama zaidi. Sasa anavuka ua na kurudi na maneno yenu mdomoni, wiki za kuelekea harusi yake, wakati alitakiwa awe amekaa katikati yenu anataniwa. Hiyo keki ilishaliwa. Kitambaa kiko juu ya kabati.

Kesho asubuhi nendeni kwenye pengo lenu. Mama mkubwa, wewe ulimtangulia mwenzako kuja duniani, mtangulie na hapa, msalimie. Na wewe uliyemfuata, itikia.